Mafuta ya Kichwani mwa Baba Kulwa

Mama Kulwa,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya majiko yote ya soko la Mwaloni na mbele ya kila mtu aliyewahi kula samaki akiwa ameegemea ukuta wetu, natangaza rasmi kwamba chujio lako la mafuta limestaafu. Limetumikia umma tangu enzi za foleni ya sukari hadi enzi hizi ambazo sukari unaipata hata kwa muuza viatu. Lilitoboka katikati, likawa linachuja pembeni tu. Mrithi wake alikuwa wa plastiki, mwekundu, kutoka ng'ambo, na aliyeyuka siku ya kwanza kazini. Kwa sasa nachujia ile kanga yako ya kijani. Najua ungenigombeza, lakini nimeikunja mara mbili na mafuta nayasubiri yapoe.

Nimeanza na hilo kwa sababu habari inayofuata ni kubwa, na wewe ulikuwa hupendi kupewa habari kubwa ukiwa umesimama. Keti.

Baba Kulwa alianguka kutoka juu ya bati.

Si bati letu. Ni la Bwana Faustine, yule jirani fundi cherehani, ambaye baada ya wewe kuondoka alinunua televisheni. Mtaa mzima ulihamia sebuleni kwake. Picha zilikuwa zinakuja zikiwa na mvua, basi mtu lazima apande juu kugeuza antena huku walio ndani wakimwelekeza. Mumeo alijitolea. Unamjua, tangu ulipoondoka alikuwa anatafuta kazi yoyote inayomtoa nyumbani jioni. Wakawa wanamwambia "kushoto, rudisha, kidogo tu, hapo hapo, usiguse tena." Hakugusa tena. Picha ilishika vizuri mno, na ndiyo maana hakuna aliyetoka kutazama kishindo kilikuwa cha nini mpaka taarifa ya habari ilipokwisha.

Tukampeleka hospitali. Kulwa na Doto wako machimboni Geita wanatafuta dhahabu, na kuwapata ni kazi kuliko kuipata dhahabu yenyewe. Kwa hiyo aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi nilikuwa mimi, pamoja na wifi yako, shangazi yao Kulwa na Doto. Shangazi alivuka na kivuko kutoka upande wa Kamanga, kuku mmoja mkononi, akiwa ameshalia mapema ili akifika awe na nafasi ya kutoa amri.

Sasa sikiliza jambo lililonichanganya. Jioni ile aliyoanguka, Baba Kulwa aliongea. Alisema kichwa kinauma, akauliza kama picha imeshika. Tukamshukuru Mungu. Siku zilizofuata akaanza kuzama. Maneno yakapungua, mkono wa kulia ukalegea, macho yakawa yanatutazama kama tunavyotazama watu wa meli nyingine. Nikasema, pigo si lilikuwa siku ile? Leo nani kampiga tena?

Nikamwuliza daktari. Alikuwa kijana tu, mwenye mikono iliyokauka kwa kunawa, na alikuwa na sifa moja ambayo sikuitegemea: ukimwuliza, anajibu. Akasema, "Pigo lilikwisha palepale, dada. Kinachomsumbua sasa ni kile kinachofuata pigo." Akasema ubongo, ukiacha maji, sehemu kubwa ni mafuta.

Nikamwuliza ni mafuta ya aina gani.

Akasema, "Yale laini, yasiyoganda. Kama ya samaki."

Mama Kulwa, hapo nilisogeza benchi.

Akanieleza hivi. Kila seli ya ubongo imezungukwa na ukuta mwembamba wa mafuta hayo. Ubongo unavuta oksijeni kwa wingi kuliko kiungo chochote cha ukubwa wake, na siku njema oksijeni ile inafanya kazi yake kwa adabu. Lakini kichwa kikipigwa, damu ikavurugika, sehemu moja ikakosa na nyingine ikafurika, oksijeni ileile inakatika vipande vikali vinavyouma chochote kilicho karibu. Kilicho karibu ni mafuta. Mafuta yakishaumwa nayo yanauma ya jirani, na ya jirani yanauma yanayofuata. Mwili una walinzi wake wa kuzima ugomvi huo, ila kwenye ubongo walinzi ni wachache na siku ya fujo wanazidiwa.

Nikasema, "Yaani yanachacha."

Akaangalia dari. "Ndiyo," akasema. "Yanachacha."

Nikamwambia aendelee, tunaelewana. Akasema tena kwamba damu ina chuma ndani yake, na ikivuja mahali pasipo pake kile chuma kinaharakisha mambo. Hapo nilitaka kumkumbatia. Nani alinifundisha kutoweka mafuta kwenye debe lenye kutu? Nilikuwa nimetoka Ukerewe juzi tu, sijui hata kushika karai, na nikaona debe zuri linapotea bure. Ukalipiga teke mpaka ukingoni mwa ziwa. "Modesta, ukiyaweka humo leo, kesho unawauzia watu harufu." Hukuniambia kwa nini, na nadhani hukujua. Ulijua tu kwamba ndivyo yanavyofanya.

Basi nikauliza swali la mtu wa majiko: yakishachacha mnayamwaga? Daktari akacheka. "Ubongo si karai, dada." Akasema seli zilizoharibika zinakufa kwa namna mbili. Kuna zinazopasuka na kuchafua jirani zake. Na kuna zinazojikunja zenyewe na kujizima bila kelele, kama mtu anayetoka harusini bila kuaga ili asiharibu shughuli. Hizo za pili zinaendelea kuondoka moja moja hata wakati nyie nje mnadhani mambo yametulia. Ndiyo maana mtu anaongea leo na keshokutwa hakujui.

Nikauliza dawa ya kuzuia kuchacha. Akasema wakubwa wanaitafuta, na kwenye panya inafanya kazi vizuri sana. Nikamwambia panya wa Mwaloni hawahitaji dawa, tumtafutie binadamu. Akasema kwa binadamu bado. Cha kufanya ni kulinda pumzi yake, damu yake, chakula chake, na kungoja moto uzime.

Swali la mwisho niliuliza taratibu, maana wewe ndiye uliyeniachia kazi hiyo. Unakumbuka, ulipokuwa kitandani, homa imekupanda, ulinishika mkono ukasema, "Usimwache huyu baba akawa mzigo wa watu." Nikakuahidi. Niliahidi haraka kwa sababu nilijua utapona. Basi nikamwuliza daktari, zilizokufa zinarudi?

Akasema hazirudi. Zilizobaki zinanyoosha matawi, zinajifunza kazi za zilizoondoka. Si zote zinafaulu, wala si haraka. Lakini zinajifunza kwa kutumikishwa, si kwa kupumzishwa. "Usimfunike blanketi ukamwacha," akasema. "Mtumie."

Nilitoka pale nikiwa na uhakika kuliko siku zote tangu tukuzike. Jambo la kuchacha nalijua. Na jambo la kujifunza kazi ya mtu aliyeondoka nalijua zaidi, maana karai lako ninalo mimi.

Tulipomrudisha nyumbani Kirumba, shida ya kwanza ilikuwa ni upendo. Unawajua watu wetu. Mgonjwa wa kichwa akirudi, kila anayemtembelea lazima amfanyie mtihani. Anaingia, anaweka ndizi chini, anamsogelea usoni: "Baba Kulwa, unanijua mimi nani?" Akitoka huyo anaingia mwingine. Bwana Faustine alikuja na mkewe, na mkewe naye akataka atajwe. Yule mzee wa watu alikuwa anatoa jasho. Halafu wakitoka nje wanatangaza matokeo: "Mimi kanitambua, wewe je?" Waliofeli walikasirika kana kwamba ni wao waliosahauliwa makusudi.

Wiki ile akili yake ilikuwa inatoa jina moja tu kwa kila mtu. Alikuwa anawaita wote Sato, kama samaki. Mchungaji naye aliitwa Sato. Nikaweka kigoda mlangoni na nikatunga sheria: hakuna kuingia bila kujitaja kwanza. "Shikamoo Baba Kulwa, mimi ni Faustine, fundi cherehani, mwenye antena." Wakanuna, wakazoea. Na nikaona kwamba jina likiletwa likiwa limeshikana na kazi ya mtu, lilikuwa linabaki kidogo.

Shida ya pili ulikuwa wewe.

Aliuliza, "Mama Kulwa yuko wapi?" Shangazi, mtu wa kweli tupu, akamwambia. Akalia, Mama Kulwa. Alilia kama siku ile tuliyokuzika. Akalala. Asubuhi akaamka, akatazama mlangoni, akauliza, "Mama Kulwa yuko wapi?" Shangazi akamwambia tena. Akalia tena, upya kabisa, kama hajawahi kusikia. Kesho yake vilevile. Alikuwa anafiwa kila asubuhi kabla ya chai.

Nilitaka apone. Lakini nikaanza kuona kupona kwake kutakuwa ni nini: itafika siku moja habari ile itaingia na haitatoka.

Siku iliyofuata shangazi mwenyewe alishindwa. Mgonjwa akauliza, na yule mama wa kweli tupu akatazama ukuta akasema, "Kavuka Kamanga. Kafuata samaki." Baba Kulwa akatikisa kichwa, akasema, "Basi aangalie, siku hizi wanawapa wenye viwanda kwanza." Akanywa chai yake yote. Sentensi ndefu kuliko zote tangu aanguke, na yenye ukweli ndani yake, maana kweli minofu yote inapanda ndege na sisi tunaachiwa mapanki, mifupa yenye kichwa na matumaini.

Uongo ule ulikuwa na faida ambazo shangazi hakuzitazamia. Kwanza, yeye alikuwa ameshapanga kumchukua kaka yake akakae kwake, upande uleule wa Kamanga, chini ya kivuli, apumzike. Nilimpinga kwa hoja za daktari, hakusikia hata moja. "Wewe ni mkaanga samaki," akasema, jambo ambalo ni kweli. Nikamwambia, "Sawa shangazi, mpeleke. Akifika Kamanga atauliza mkewe yuko wapi. Utamwambia kavuka kuja Mwanza?" Akapanda kivuko peke yake. Kuku wake alimwacha kwetu, kwa hiyo naamini tuliachana vizuri.

Faida ya pili, Baba Kulwa akaanza kwenda kukupokea.

Mwanzoni ni mpaka kona tu, mimi nimemshika mkono mlegevu na mwingine una fimbo. Anasimama, anatazama njia ya mjini, tunarudi. Halafu mpaka barabara ya lami. Halafu siku moja aliniponyoka, nikamkuta stendi kule Nyamagana amekaa juu ya gunia la dagaa la mtu, mwenye gunia akimwambia, "Mzee, hapa si kivukoni, hapa ni mabasi." Akajibu, "Najua. Nimepumzika." Hakuwa anajua. Lakini kutunga uongo wa haraka namna ile, Mama Kulwa, hiyo si kazi ya ubongo uliokufa. Nilifurahi njia nzima.

Mwisho akakijua kivuko. Akawa anakwenda asubuhi kuangalia watu wakishuka, na watu wa pale wakamzoea. Daktari nilipomweleza alikuna kidevu. Nikamwuliza kama tunamdhuru kwa kumdanganya. Akasema, "Akili ikishika vizuri, atajua mwenyewe. Siku hiyo usiwe mbali." Na akaongeza kwamba mazoezi ya kutembea na kukumbuka njia asingeweza kumwandikia yaliyo bora zaidi. Kwa hiyo uliendelea kumfundisha mumeo kutembea, ukiwa huko uliko, bila mshahara.

Mkono nao nikauweka kazini. Nilimkalisha kwenye kigoda chako, nikampa samaki awageuze kwa mkono wa kulia. Wa kwanza aliungua upande mmoja, wa pili akaungua pande zote. Wateja wakasema ladha imebadilika, nikawaambia ni ya kisasa, soko huria. Sasa anageuza. Si kama wewe, lakini karai halimwogopeshi tena.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijarudi: pua. Daktari alisema nyuzi zile za harufu ni nyembamba sana, kichwa kikitikisika zinakatika, na huenda zikaota tena au zisiote. Hilo liliniumiza kwa ajili yako. Uliwaambia wateja kila siku, "Pua ya Baba Kulwa ndiyo bwana afya wangu." Alikuwa akipita nyuma ya karai anakunja uso, na wewe unamwaga mafuta bila kuuliza. Sasa alikuwa anakula chochote. Nilimpitishia sabuni puani, kitunguu, dagaa waliolala. Akasema, "Vizuri."

Kwa hiyo kazi ya bwana afya nikaichukua mimi. Na si kujisifu, lakini baada ya yale mazungumzo na daktari nimekuwa mtu wa kusikilizwa. Nawaelimisha majirani. Wanawake wa majiko yote wanajua sasa kwamba hewa, joto na kutu ni ndugu wamoja, na kwamba kilichomo karaini na kilichomo kichwani kinachacha kwa mtindo mmoja. Mmoja aliniita Profesa. Nilimwambia aache, akaacha upesi kuliko nilivyotarajia.

Juzi hakwenda kivukoni.

Niliamka, nikamkuta ameketi kwenye kigoda chako karibu na jiko ambalo halijawashwa. Nikasema, "Baba, shikamoo. Leo huendi Kamanga?" Hakuitikia marahaba. Akasema, "Ilikuwa inanyesha."

Nikasema, "Nini, baba?"

"Tulipomzika. Shimo lilikuwa linaingia maji. Nilikuwa na jembe, nikampa Doto akashika." Akanitazama. Hayakuwa tena yale macho ya mtu aliye kwenye meli nyingine. "Nani alisema amevuka Kamanga?"

Nikamwambia, shangazi. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana," akasema. "Nilikuwa nashangaa samaki gani anafuatwa muda wote huo."

Halafu akalia. Lakini si kama zile asubuhi za kwanza. Alilia kama mtu anayelia jambo alilo nalo. Nilikaa chini kando yake, sikuwa mbali, kama nilivyoagizwa. Jana nilimwuliza kwa ujanja, "Baba, kivuko kimefika?" Akasema, "Modesta, usinichezee. Mama Kulwa amekufa." Ilishika. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakulilia mimi sasa, maana wakati wote huu kuna mtu aliyekuwa anakutegemea urudi, na sijui kwa nini hilo lilinisaidia na mimi.

Sasa tuko wawili tunaojua.

Leo tumefungua jiko mapema. Alikuja nyuma ya karai kama zamani, akasimama, akakunja uso. Akasema, "Mafuta haya yamechacha." Nilimwambia kwa upole kwamba hapana, baba, mafuta nayajua, nimeyachuja mwenyewe, nikamweleza habari za hewa na chuma na yale yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tena lilelile, akaenda kukaa. Wateja watatu walikuwa wameshakula na hawakusema kitu. Nikaona ni ugonjwa tu, pua inaota vibaya, nikakaa niandike.

Basi pumzika, Mama Kulwa. Sitamwacha akawa mzigo wa watu. Nakuahidi tena, na safari hii naahidi nikijua ninachoahidi. Kigoda chako kina mtu. Karai lako lina moto. Kanga nitaifua. Mwalimu wangu, wabeja sana, kwa yale uliyonifundisha ukijua na yale uliyonifundisha bila kujua.

Nimeinuka kidogo kuyanusa.

Yamechacha.